Mgeni wa Siku ya Radi

Nilipokuwa mtoto, kwetu radi haikuanguka yenyewe, ilitumwa. Hivyo ndivyo tulivyolelewa katika milima ile kati ya Kasulu na Kibondo. Ikianza kunguruma upande wa Burundi, Bibi, mama yake baba, alifunika kioo kwa kanga, akaingiza sufuria ndani, akamvua mdogo wangu shati lake jekundu. Kisha aliketi na kutaja kwa sauti ya chini majina ya watu ambao huenda tuliwakosea. Baba alikuwa katekista na hakuyapenda mambo hayo, lakini sikuwahi kumwona akitoka nje radi zikipiga.

Ilikuwa miaka ya sabini. Tulikuwa tumehamishwa kutoka kwenye mashamba yetu ya zamani, tukapangwa katika kijiji cha ujamaa, nyumba kando ya nyumba. Watu waliozoea kutenganishwa na bonde na migomba sasa walisikia hata kikohozi cha jirani. Nikiwaza leo, naona ndiyo maana tuliogopana zaidi.

Katika nyumba ya mwisho, karibu na mikaratusi, aliishi Mama Dafroza. Alivuka mpaka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, wakati wa mauaji. Alikuwa na mume na watoto, lakini aliyefika kwetu ni yeye tu. Yeye alisema Kirundi, sisi Kiha, tukaelewana bila shida. Hata hivyo watu walimwita "yule wa ng'ambo". Siku moja mbuzi wa Mzee Bitaliho waliingia kwenye maharage yake wakayamaliza. Alipokwenda kulalamika, Mzee alimjibu kwamba shamba lile hakuja nalo kutoka kwao. Mama Dafroza hakubishana. Aligeuka na kusema mbele ya watu, "Imana inaona." Yaani, Mungu anaona.

Mvua za kwanza ziliponyesha, radi ilimpiga Ezekieli, mtoto wa Mzee Bitaliho, akiwa malishoni na mbuzi wale wale. Tulikuwa tukikaa naye dawati moja. Nilimwona alipoletwa, amebebwa na wanaume wanne ndani ya blanketi, mguu mmoja ukining'inia bila kiatu.

Tulipomzika, pale pale makaburini neno lilianza kupita kutoka mdomo hadi mdomo, kwamba radi ile imetumwa na Mama Dafroza. Mchana uliofuata balozi wa nyumba kumi alitangaza uamuzi wa wazee: Mama Dafroza aondoke, na mtu yeyote asimpokee kwake, kwa sababu radi ingemfuata huko huko. Vijana walibomoa paa la nyumba yake, wakatupa nyasi njiani. Yeye alikaa juu ya jiwe na kifurushi chake, bila kulia. Tulipita mbele yake kama tunavyopita mbele ya kaburi.

Mama yangu alikuwa amekwenda kwao Muyama kumuuguza dada yake. Nyumbani tulikuwa Bibi, baba, mdogo wangu na mimi. Alasiri wingu zito lilipanda kutoka magharibi, jeusi chini na la kijivu juu. Baba alisimama mlangoni muda mrefu akilitazama. Kisha akachukua mwavuli na kutoka. Aliporudi alikuwa na Mama Dafroza nyuma yake.

"Patrisi!" Bibi alisimama. "Unaleta radi ndani ya nyumba yangu? Kuna watoto humu!"

"Ninaleta mtu, Mama."

"Hukuwasikia wazee?"

"Niliwasikia."

Wakati huo baba alikuwa akitufundisha Utatu Mtakatifu, tukijiandaa kwa komunio ya kwanza. Tulijibu wote kwa pamoja kama wimbo: Mungu ni mmoja, nafsi ni tatu, Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Tulijibu vizuri, lakini hatukuwa na kazi nalo jibu lile. Ilikuwa kama kujua jina la mji ambao hutafika kamwe. Alasiri ile, mbele ya mama yake, baba alisema jambo ambalo hakuwahi kutufundisha darasani.

"Mama, kila siku ninawaambia watoto wa watu kwamba Mungu hajawahi kuwa peke yake. Kabla ya mbingu, kabla ya nchi, kulikuwa na Baba anampenda Mwana katika Roho. Halafu mimi, niliyeumbwa kwa mfano wake, nimwache huyu peke yake kwenye jiwe, mvua inakuja? Basi nifunge darasa nikalime."

Tone la kwanza liligonga kibaraza, na baba akafunga mlango.

Sijapata kuogopa vile tena maishani. Kila umeme ulipomulika kupitia nyufa za dirisha nilimtazama Mama Dafroza, nikingoja nione jinsi anavyoiita. Radi ya kwanza ilipiga mbali. Ya pili ilipiga bondeni. Ya tatu ilipasua mkaratusi nyuma ya jiko letu; ardhi ilitikisika, moshi ukanuka hadi ndani, na mdogo wangu akapiga yowe. Nje nilisikia majirani wakiitana, "Imeingia kwa katekista! Imemfuata!"

Nilijua imekwisha. Hata baba alikuwa amekauka usoni, midomo ikisema sala bila sauti.

Lakini Mama Dafroza hakuwapo pale alipokuwa ameketi. Alikuwa amejisukuma chini ya kitanda cha Bibi, magoti kifuani, mikono masikioni, akiita majina. Hayakuwa majina ya mizimu. "Kaliste. Odeta. Kaliste." Nguo yake ilikuwa imelowa. Bibi alichuchumaa akamtazama. Kisha, yule aliyekataa asiingie, aliingia chini ya kitanda kwa shida, akamshika.

"Ni nani hao?"

"Wanangu. Bunduki zililia hivi hivi."

Mvua ilipopungua, watu walikuwa wamejaa uani, wengine na mapanga. Mzee Bitaliho alikuwa mbele, macho mekundu. "Mtoe," alimwambia baba. "Mti wako umepasuka. Unataka nini zaidi?"

Baba alifungua mdomo, ila Bibi alimsukuma kando. Nywele zake zote zilikuwa na vumbi.

"Bitaliho, mimi nimezaliwa hapa, radi naijua," alisema. "Nimemshika huyu mwanamke kwa mikono hii. Amejikojolea kwa woga. Wewe umeona wapi mwenye radi anaiogopa radi? Huyu ni mama aliyefiwa na watoto, kama ulivyofiwa wewe. Ukitaka kumkata, anza na mimi."

Hakuna aliyecheka. Mmoja mmoja walianza kuondoka. Mzee Bitaliho alibaki amesimama kwenye tope, hana tena wa kumlaumu, na nilimwonea huruma kuliko siku ya mazishi.

Asubuhi Bibi na Mama Dafroza walikwenda matangani, nami nikawafuata. Mama yake Ezekieli alikuwa kwenye mkeka, uso ukutani. Mama Dafroza alisimama mlangoni. Mama yake Ezekieli aligeuka, akamtazama, kisha akasogea kidogo kumpa nafasi. Wakakaa hivyo mpaka adhuhuri.

Si wote walioamini. Wapo waliompita njiani bila salamu mpaka alipokufa. Lakini paa lake lilirudishwa, na miongoni mwa waliobeba nyasi alikuwamo Mzee Bitaliho.

Baadaye nilisoma shule, nikajua radi ni umeme wa mawinguni. Ni vizuri kujua. Ila siku ile hakuna aliyekuwa na elimu hiyo, na bado mtu aliokolewa. Mimi sasa ni mzee, na bado siwezi kueleza jinsi watatu walivyo mmoja. Nimesikia mifano mingi na yote inanichosha. Ninachojua ni kwamba ninapogusa paji la uso na kusema kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu, ninamtaja Mungu ambaye ndani yake hakuna aliyeachwa nje. Na siku ninapotamani kumfungia mtu mlango, mkono huo wa ishara ya msalaba huwa mzito kuunyanyua.