Shabu ya Shangazi na Kibuyu cha Mgando

Mwezi ule nilichoka mpaka kuchoka kwenyewe kukanichosha. Nilikuwa mke mgeni hapa Mlali, na maambukizi ya ukeni yalikuwa yamenirudia tena. Kila mara mambo yalikuwa yale yale. Natoka zahanati na vidonge, namaliza dozi, naanza kuota: cherehani yangu sokoni, wateja wamejipanga. Halafu ile harufu inarudi, na mimi narudi kwenye benchi la zahanati, macho chini.

Mume wangu ni fundi ujenzi, alikuwa kazini Dodoma mjini, anakuja mwisho wa mwezi. Nilijua asingenisema. Nilichoogopa ni kwamba angegeukia ukutani, akanyamaza.

Aliyenifunda ni shangazi yangu. Dawa yake ilikuwa shabu, lile jiwe jeupe la dukani. Unaliyeyusha kwenye maji ya vuguvugu, unajiosha mpaka ndani. "Mwanamke ni usafi, mwanangu. Usinitie aibu ukweni." Basi harufu iliporudi nikaongeza shabu. Shabu iliposhindwa nikaongeza na sabuni.

Safari hii zahanati nilimkuta muuguzi mwingine, mama mtu mzima. Baada ya kipimo akaniuliza, "Ndani unajiosha na nini?"

"Shabu. Lakini kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo ya kila siku."

Akacheka mpaka akavua miwani. "Binti, humo ndani kuna vijidudu vizuri, ndio walinzi wako. Dawa inawapiga wabaya, halafu wazuri wanahitaji muda wa kurudi. Wewe wakichungulia tu, unawamwagia shabu!" Akaniambia nimalize vidonge, nioshe nje tu kwa maji, na dalili zikirudi nirudi kwake, nisijitibu. Nikauliza kuhusu mtindi, maana jirani alinishauri nijipake. "Kula na ugali wako. Huko usiupeleke."

Njiani nikakumbuka kibuyu cha mama mkwe, ambaye tunaishi naye. Nilipoolewa tu, nikitafuta sifa, nilikisugua kile kibuyu cha kugandishia maziwa kwa sabuni ya unga mpaka kikanukia. Kumbe kibuyu cha mgando husuuzwa kwa maji kisha hufukizwa moshi, basi. Maziwa yakagoma kuganda, yakaoza. Mama mkwe hakunigombeza. Aliomba mgando kidogo kwa jirani, akauchanganya na maziwa mapya kibuyuni, akasema, "Sasa kiache." Kilichukua muda, lakini kilirudi kugandisha.

Jumapili shangazi akaja kunitembelea. Nikamwamkia shikamoo, na kabla hajakaa vizuri akafungua pindo la kanga: shabu mpya, kubwa kama yai. Tangu nizaliwe sijawahi kumkatalia kitu. Niliogopa, lakini uchovu ulizidi woga.

"Shangazi, sitaitumia." Nikamweleza ya muuguzi, nikamweleza ya kibuyu.

Akaniangalia sana. "Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuumiza?"

"Hapana, shangazi. Hata wewe ulipewa na waliokufunda."

Akasema kwa sauti ndogo, "Mimi inaniwasha miaka yote. Nilidhani ndio utu uzima." Nilitaka kulia, ila yeye akaanza kucheka, akalifunga jiwe lake tena kwenye kanga. "Basi litabaki la makwapa. Huyo muuguzi wako, kesho yupo?"

Kesho yake tukaenda wote.

Mume wangu alipokuja nilikuwa nimemaliza vidonge, harufu haipo, ila mwili bado mchovu, sijauamini. Nikamwambia yote gizani, kwa haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu. Nikamwambia naomba tusubiri kidogo, mpaka nipone vizuri.

"Mke wangu," akasema, "mimi nimebeba tofali wiki nzima. Hata mgongo wangu unaomba tusubiri."

Nikacheka mpaka mama mkwe akakohoa chumba cha pili. Tukalala. Niliposhtuka alfajiri, uso wake ulikuwa umeelekea kwangu.