Siku Nilipojifanya Kimeng'enya Ukweni

Jamani, hii nawasimulieni kwa sababu ninyi ni wangu, mkiitoa nje nitaikana mchana kweupe.

Ilikuwa miaka ya tisini mwishoni, posa yangu kwa Salma ishapelekwa na wazee, jibu bado, ndipo baba yake, Mzee Nassor, akaniita kwao Mpendae anione, na mimi tangu asubuhi kanzu niliipiga pasi mara tatu.

"Wasomea nini hasa, mwanangu?"

Ningesema "mambo ya dawa" nikanyamaza, ningesalimika. Lakini nilijua ana presha, nikaona hapa ndipo pa kumpata. Nikamwambia seli za mishipa ya damu zina kimeng'enya kinachotengeneza gesi ya nitriki oksidi, ndiyo inayolegeza mshipa damu ipite bila tabu, na ajabu yake, kazi inategemea kimekaa wapi: kikijibandika kwenye utando wa nje wa seli hutoa gesi kwa wingi, kikihamia katikati, kile kile, kizima, hutoa kidogo mno.

"Sjafahamu," akasema, uso kaukunja. Nikachukua sahani ya kashata, nikaegemea ukuta, "Huu utando, mimi kimeng'enya," nikawa namgawia kashata harakaharaka mpaka akacheka. (Akacheka! Nikajiona nshaoa.) "Sasa natoka kwenye utando," nikaanza kurudi kinyumenyume, macho kwake, mkono naulegeza kidogo kidogo, pazia likanipita kichwani na mimi bado nasomesha.

"Yarabi nisitiri!"

Nilikuwa chumba cha ndani, bila hodi, ukweni! Mama yake Salma, Bi Zuwena, kichwa wazi, miguu yote miwili ina hina mbichi, hawezi kusimama wala kukimbia, anavuta kanga kwa kiwiko. Nikageuka nisimwone, nikakanyaga bakuli la hina, nikateleza, kashata zote zikammwagikia yeye.

"Samahani mama, ni kwa ajili ya presha," nikasema (mpaka leo sijui nilikusudia nini).

Nikatoka nimeinamisha kichwa, kila hatua alama ya hina kwenye busati. Mzee Nassor hakunigombeza. Alisema taratibu tu, "Nshafahamu sasa. Rudi ukutani ukae."

Nilingoja jibu siku kumi, sili, silali, naona haya hata kuvaa kandambili, maana mguu wa kulia ulikolea kama wa bi harusi. Jibu likaja: wamekubali, ila Bi Zuwena kaweka sharti lake.

Kusomesha watu nimesimama, nimeapa sirudii tena. Na hilo sharti nalitimiza hadi leo: nimeota mvi, wanangu wananitazama, nami nasimama barabarani juani, napiga hodi mpaka mama mkwe mwenyewe aitikie.