Mtoto Hapewi Kiti

Enzi zetu pale Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, mtoto hakupewa kiti. Viti vilikuwa vya wachungaji, wageni na wajomba. Sisi tulikalia jerikeni au jiwe, tukila bugali na ndagala, dagaa wa kwetu, na hakuna aliyelalamika kwamba mgongo unauma. Siku hizi mwanafunzi wa sekondari akikosa kiti anasema haki zake zimevunjwa.

Nasema nilichokiona wiki iliyopita. Kazi yangu ni kupokea simu za dharura mjini Mbarara na kutuma ambulensi. Nilipanda gari hadi Kaberebere, nikamalizia safari kwa bodaboda nikila vumbi, ili niwaambie wanafunzi wa sekondari moja ya Nakivale kwamba kazi hii ipo na wao wanaiweza. Swali la kwanza liliulizwa na kijana aliyeficha simu ndani ya soksi akidhani hatuioni.

"Madamu, viti vyenu kule ofisini vinazunguka?"

Nikamjibu kwamba ndiyo, vinazunguka. Darasa zima likapiga makofi. Nimekula vumbi lote lile kwa ajili ya kiti!

Sikwenda kujionyesha. Katika chumba chetu cha simu ni mimi peke yangu ninayekielewa vizuri Kiswahili cha Kivu. Nikiwa mapumzikoni, mama wa Nakivale anapiga, analia kwa lugha yetu, na anayepokea anaambulia neno moja moja. Nilikuwa natafuta mtoto mmoja tu wa kukaa pale nisipokuwepo.

Na enzi zetu watoto wa namna hiyo walikuwepo, tena tele! Nakumbuka tulivyoruka kamba nyuma ya kanisa, miguu imepauka kwa vumbi, harufu ya sombe, kisamvu chetu, ikitujia kutoka kila jiko. Aliyetufundisha kuruka alikuwa mama mdogo Riziki, mdogo wake mama yangu, mwanamke wa kucheka kwa sauti hadi wazee wa kanisa wanakunja uso. Aliruka nasi hata alipokuwa na mimba, mpaka mama alipomfokea.

Siku uchungu ulipomshika, alianza kuvuja damu mchana kweupe. Mtu pekee mwenye pikipiki alikuwa mzee wa kanisa wa kijiji cha pili. Akatumwa mjomba Amosi, mtu mzima mwenye heshima zake, na heshima hizo ndizo zilizotuponza. Kwetu mtu mzima akiingia nyumbani kwa mtu, hatoi neno lake mlangoni. Alivutiwa kiti. Waliombea ujio wake. Aliletewa maji, akaulizwa habari za watu waliobaki kwetu Fizi, kule Kongo, naye akajibu jina kwa jina. Mwenyeji hakujua kinachomsubiri, na mjomba hakujua namna ya kumkatiza mkubwa kwenye maombi. Pikipiki ilipofika kwetu, mama mdogo Riziki alikuwa ameshafunikwa kitenge, yeye na mtoto wake tumboni. Mpaka leo nikiona kiti kinavutwa kwa heshima, nakiona kile kitenge.

Baada ya maziko mama yangu aliwaambia wanawake wenzake, "Tangu leo, neno ya kufa ao kupona itabebwa na batoto. Mutoto habamupake kiti."

Ndivyo tulivyopata kazi. Kila jioni tukisubiri chakula, mama alitufanyisha mazoezi akiwa na mwiko mkononi. "Fasi kwanza! Salamu itakuya nyuma!" Tukajibu kwa zamu: nyuma ya kanisa, kwa Mama Furaha, mtoto ameungua uji. Fasi, yaani mahali, kisha mtu, kisha shida. Aliyeanza na "Jambo mama" alinyang'anywa ukoko wa bugali. Tulijua kila nyumba, kila mpapai, kila mbwa mkali. Siku mtoto wa Mama Furaha alipoungua kweli, tulikimbia kwa yule mzee wa pikipiki, tukapayuka tukiwa bado njiani, naye aliacha tonge kwenye sahani akakimbilia pikipiki. Mtoto alipona, na leo ana duka Isingiro.

Basi wiki iliyopita niliwapa wanafunzi wale zoezi hilo hilo. Mama yako ameanguka nyumbani, nipigie. Yule wa soksi akaanza, "Halo, habari za asubuhi madamu, natumaini uko salama na familia..." Nikamwambia mama yake ameshakufa. Mwenzake akasema, "Nitakutumia lokesheni." Na bando likiisha? Akacheka. Nikamwomba basi anitajie jirani yake. Hamjui jina, anamjua tu kuwa ana sola. Watoto hawa wanaijua nyumba ya msanii aliye ng'ambo, lakini hawaijui ya jirani.

Nyuma kabisa alikuwepo msichana amesimama, maana viti havikutosha. Akaweka ngumi sikioni, akapiga kelele, "Nyuma ya kanisa ya bati ya bulu, fasi banasagaka mihogo! Mama ameanguka, hapumue muzuri!"

Nikajua nimempata niliyekuwa namtafuta. Lakini kabla sijafungua mdomo, mwalimu wa nidhamu alikuwa ameshainuka kwa hasira.

"Wewe! Heshima iko wapi? Salimia madamu kwanza!"

Msichana akapiga goti, akainamisha macho, akaanza upya. "Jambo, madamu. Bwana asifiwe. Habari ya kazi?" Mwalimu akatabasamu, akamvutia kiti chake mwenyewe ili amalizie vizuri akiwa ameketi. Nikasikia miguu ya kile kiti ikikwaruza sakafu.

Enzi zetu hatukuwa na simu, tulikuwa na miguu, na mama zetu walijua kuitumia midomo yetu michafu. Leo kila mtoto ana simu, na wakubwa wake wanamfundisha kukaa vizuri huku mtu anavuja damu. Sikujali kama mwalimu ataaibika.

"Usikae, mwanangu," nilimwambia yule msichana. "Uniambie tena fasi."