Mzigo Wangu wa Utafiti

Likizo ya kidato cha tatu nilichaguliwa, pamoja na wanafunzi wengine wa visiwani, kujifunza utafiti wa magonjwa katika maabara moja ya mji wa Amu. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kukusanya kinyesi cha punda wa kisiwa chetu cha Pate, tukakipime minyoo. Nikakitia kwenye sanduku la barafu, nikapanda boti ya Amu kwenye gati la Mtangawanda.

Jua lilikuwa kali. Mama mmoja mtu mzima aliyeketi karibu nami akasema, "Mwanangu, nipe chochote baridi humo."

"Ni mavi ya punda, Bi. Nayapeleka Amu, ndiyo masomo yangu."

Akanitazama kwa huruma. "Kwani Amu punda wamekwisha?"

Abiria wote wakacheka. Tulipofika, yule mama alinisaidia kushusha sanduku, akilishika kwa ncha za vidole.