Verna Niemi Hakutia Sahihi

Habari za Jaji Gordon Stanich zilifika Korpi Jumatatu asubuhi, na kama habari zote za mji ule wa machimbo ya chuma, zilipigwa msasa kwanza kwenye duka la kinyozi la Verna Niemi.

Siku chache tu kabla yake mji mzima ulikuwa ukisherehekea. Rais alikuwa amemteua Gordon, mtoto wa mchimba chuma, mzaliwa wa nyumba ya mbao iliyo nyuma ya kanisa la Mtakatifu Yosefu, aingie Mahakama ya Juu ya Marekani, Seneti ikimthibitisha. Bango la kumpongeza lilivuka barabara kuu kutoka benki hadi duka la misumari na mabati. Sasa televisheni iliyoning'inia juu ya kioo cha Verna ilimwonyesha wakili mmoja mwanamke, Allison Burke. Alisema kwamba miaka mingi nyuma, alipokuwa msaidizi wa sheria katika ofisi ya Jaji Stanich, jaji alifunga mlango jioni moja, akamsukumia ukutani na kumshika kwa namna ambayo bosi hamshiki mfanyakazi wake. Alijinasua, akakimbia.

"Uongo mtupu," alisema Ray Lahti, mchimbaji mstaafu aliyekuwa kitini, shuka limemfunika hadi shingoni. "Miaka yote hiyo alikuwa wapi?"

"Alikuwa kazini, kama wewe ulivyokuwa," Verna alimjibu. "Na usitikise kichwa. Nikikukata sikio utasema na mimi nimetumwa na wanasiasa."

Dominic Zupan, aliyewahi kufundisha hesabu shule ya sekondari, alicheka nyuma ya gazeti lake. "Sikio la Ray likitoka si hasara. Lini amewahi kumsikia mtu?"

"Nasikia vizuri sana. Nasikia watu wanataka kummaliza mtoto wetu."

"Au mtoto wetu amejimaliza mwenyewe."

"Wewe Dominic ulimfelisha hesabu, ndiyo maana."

"Nilimfelisha kwa sababu alifeli."

Verna alinyoosha mkono akaizima televisheni, akawaambia wabishane juu ya hoki kama watu wazima. Lakini mkono wake ulipokuwa ukipitisha mashine kisogoni kwa Ray, mawazo yake hayakuwapo pale.

Alikuwa na miaka sitini na mitatu, mrefu, mwenye mabega mapana na mikono isiyojua kutetemeka. Duka lilikuwa la baba yake, Toivo. Toivo alipopooza upande mmoja, Verna, msichana ambaye hata harusi alikuwa bado, alivaa koti lake jeupe na kufungua mlango. Hakuna aliyeingia. Wachimbaji walisema hawawezi kumpa mwanamke koo zao na wembe mkononi mwake. Majira yale ya baridi Verna alifagia sakafu isiyo na nywele. Kisha Gordon Stanich alirudi kwao kwa Krismasi, mwanafunzi wa sheria, kijana anayetazamwa na mji wote. Aliingia, akaomba kiti kigeuzwe kielekee dirishani ili kila apitaye amwone, akanyolewa nywele na ndevu, na alipomaliza akabaki palepale akisoma gazeti mpaka barabara nzima imemwona. Wiki iliyofuata kulikuwa na foleni. Tangu hapo, kila alipokuja kumtazama mama yake alipitia kwa Verna, na Verna hakupata kuusahau wema ule hata siku moja.

Kwa hiyo Joyce Stanich, shemeji yake Gordon na mpiga kinanda wa kanisani, hakuwa na wasiwasi wowote alipoingia dukani Jumatano na karatasi mkononi. Ilikuwa kauli ya wanawake wa Korpi, ya kupelekwa Washington.

"Tunataka jina lako litangulie, Verna. Watu wanakuheshimu."

Verna alikausha mikono, akavaa miwani, akasoma. Sehemu ya kwanza ilisema Gordon amewatendea wema wanawake wa mji wake maisha yake yote. Sehemu ya pili ilisema Allison Burke ni mwongo aliyepangwa.

"Ya kwanza naitilia sahihi sasa hivi," alisema. "Hii ya pili iondoe."

"Haiondoki. Ni kauli moja."

"Basi sitatia sahihi."

Joyce alidhani ni utani. Alipoona si utani, uso ulimbadilika. "Gordon amekukosea nini?"

"Hajanikosea kitu. Amenifaa kuliko wanaume wote wa mji huu. Lakini mimi katika ofisi ile sikuwamo. Wewe ulikuwamo?"

"Sihitaji kuwamo. Namjua."

"Mimi kichwa chake nakijua kwa nje, Joyce. Ndani sijawahi kuingia."

Joyce aliiweka kalamu juu ya meza ya vitana, polepole. "Nilidhani wewe kuliko wote ungejua uchungu wa mtu kusingiziwa. Umemsahau Arvid?"

Hapo alikuwa amemgusa penyewe. Arvid alikuwa kaka yake Verna, mtunza stoo mgodini. Vifaa vilipoibwa, msimamizi alimtaja, akafukuzwa siku ileile. Mwizi halisi alikamatwa baadaye kwingine kabisa, lakini wakati huo Arvid alikwisha kuhamia Alaska, na hakuna aliyewahi kumwomba radhi.

"Sijamsahau," Verna alisema. "Ndiyo maana nasema hivi. Arvid hakuvunjwa na kutajwa. Alivunjwa kwa sababu hakuna aliyeulizwa. Wenzake wa zamu ile walikuwapo, wangeeleza, na hakuitwa hata mmoja. Huyu mama naye alikuwa na wenzake kazini. Waitwe, waulizwe mbele ya watu. Kama Gordon ni safi, si atatoka safi?"

"Utajuta."

"Huenda. Kahawa ipo, kunywa kwanza."

Joyce hakunywa. Kabla ya jua kuzama, mji wote ulijua kwamba kinyozi amemtupa Gordon.

Ijumaa, siku ambayo kwa kawaida watu husubiri wamesimama, viti vilikuwa vitupu. Wanaume waliendesha magari hadi mji wa jirani kunyolewa na mtu wasiyemjua jina. Kanisani watu walimwachia benchi peke yake. Ray na Dominic tu ndio waliendelea kuja, Ray akisisitiza kwamba haji kwa sababu anakubaliana naye, anakuja kwa sababu huko kwingine wanaharibu.

Kisha wakaja wasichana wawili kutoka jiji la Minneapolis, wamevaa beji vifuani na kubeba kamera. Walikuwa wamesikia habari zake, wakamletea bango lenye maandishi ya kumwamini Allison, ashike wampige picha.

"Sijamsikia mpaka mwisho," Verna aliwaambia. "Mnataka nimwamini kabla hajamaliza kusema?"

"Lakini wewe uko upande wetu," alisema mmoja.

"Niko upande huu wa kiti. Anayetaka kunyolewa akae."

Walitazamana. Yule mwenzake, mwenye nywele zilizomwangukia machoni, alicheka, akakaa. Alitoka na kichwa kizuri kuliko alivyoingia, na bango likarudi kwenye gari.

Jumamosi Seneta Halvorsen wa jimbo lao, mjumbe wa kamati ya Seneti inayomhoji jaji, alikuja Korpi kwa mkutano wa hadhara. Chama chake kilikuwa kinamtaka jaji, wapiga kura wake walikuwa wamegawanyika, na yeye mwenyewe alikuwa hajasema atapiga kura gani. Kamati ilikuwa imepanga kupiga kura Jumanne. Watu wawili waliofanya kazi ofisi moja na Allison Burke, katibu muhtasi mmoja na wakili aitwaye Peter Osgood, walikuwa wametangaza kwamba wako tayari kutoa ushahidi, lakini mwenyekiti wa kamati alisema muda umekwisha.

Ukumbi wa mazoezi wa shule ulijaa mpaka kwenye ngazi. Nusu walishika mabango ya jaji, nusu ya mwanamke, na hewa ilinuka makoti yaliyolowa mvua. Verna alipofika kwenye kipaza sauti, mtu mmoja nyuma alipiga kelele, "Kakae, Verna, nenda kanyoe paka."

"Nikimaliza hapa nitakuja kwako," alisema bila kugeuka, na waliokuwa karibu wakacheka. Kisha akamtazama seneta. "Mimi ni Verna Niemi. Gordon Stanich namnyoa tangu ujana wetu, na alinifaa siku ambayo nilikuwa sina mtu. Sijui alifanya nini ofisini kwake. Wewe pia hujui. Wapo wawili wanaosema wanajua kitu. Utawasikiliza kabla ya kupiga kura, au hutawasikiliza?"

"Nakushukuru sana kwa swali lako," alisema seneta. "Kama unavyofahamu, Seneti ina taratibu zake za muda mrefu—"

"Sijauliza taratibu."

"Nakuahidi nitalizingatia kwa uzito wote."

"Kuzingatia ni ndiyo au ni hapana?"

Seneta alitabasamu tabasamu la mtu aliyezoea mikutano. "Mama, wapo wengine wenye maswali."

"Watangoja kidogo. Mimi ni kinyozi, nasimama kutwa. Nitasimama hapa mpaka useme moja kati ya hayo mawili."

Kicheko kilipita ukumbini, hata upande wa mabango ya jaji. Seneta akamnyooshea kidole mwingine aje kuuliza, lakini Verna hakuondoka kwenye kipaza sauti. Ndipo Ray Lahti aliposimama katikati ya watu, kofia ya mgodi kichwani.

"Mimi nasema yule mwanamke anadanganya," alinguruma. "Nilisema Jumatatu na nasema leo. Ila mjibu kinyozi wangu."

"Mjibu," sauti nyingine ilisema, kisha nyingine, na haikujulikana tena ni za upande gani. Seneta Halvorsen alikunywa maji, akaweka glasi chini. "Ndiyo," alisema. "Sitapiga kura mpaka wasikilizwe."

Verna alisema asante, akaenda kukaa.

Picha zake zilirushwa nchi nzima. Arvid, ambaye hakuwa mtu wa simu, alipiga kutoka Alaska. "Nimekuona kwenye taarifa ya habari. Umenenepa." Kisha akauliza habari za duka. "Laiti ningekuwa na mtu kama wewe zamu ile," alisema, akakata simu.

Hesabu za kura Washington zilikuwa za kubanana, na bila Halvorsen kamati haikuweza kusonga. Kikao kiliahirishwa, mashahidi wakaitwa. Dukani kwa Verna, Ray na Dominic walitazama wamekaa bega kwa bega. Katibu muhtasi alisema hakuona wala hakusikia kitu. Meza yake ilikuwa ghorofa nyingine. Ray alimpiga Dominic kiwiko. Halafu akaja Peter Osgood, mtu mnene, mpole, anayejifuta jasho. Alisema jioni ile alimkuta Allison kwenye ngazi, anatetemeka, kiatu kimoja hana. Kesho yake alimwendea jaji na kumwuliza kulikoni. Jaji akamjibu kwamba yeye mwenyewe alikuwa amelewa, jambo limekwisha, na Osgood asilitaje tena.

Gordon alikuwa ameapa mbele ya kamati ileile kwamba hakuna lililotokea na hakuna mtu aliyewahi kumwuliza.

Ray aliuelekeza mkono kwenye televisheni. "Zima," alisema. Dominic, aliyekuwa na kila sababu ya kutamba, alimletea kahawa.

Siku iliyofuata Jaji Stanich aliondoa jina lake. Bango la barabarani liliteremshwa na watu wa manispaa asubuhi mapema, kabla maduka hayajafunguliwa.

Theluji ya kwanza ilipoanguka, Gordon alikuja Korpi kumtazama mama yake. Verna alimwona akivuka barabara, kola ya koti imeinuliwa. Aliingia, akakung'uta viatu.

"Bado unaninyoa?"

"Kaa."

Walikuwa peke yao. Alimnyoa nywele, akampaka povu, akaunoa wembe kwenye mkanda wa ngozi. Alikuwa amefika chini ya kidevu Gordon alipofungua kinywa.

"Ungewaambia tu kwamba unanijua, Verna. Neno lako moja hapa lingetosha."

"Niliwaambia. Niliwaambia yote ninayoyajua."

"Na sasa? Unaamini nilifanya?"

Verna aliinua wembe, akausogeza mbali na shingo yake ili ajibu vizuri. "Naamini."

Kwenye kioo macho ya Gordon yalimkazia. "Baada ya miaka yote hii."

"Wema wako ninao, Gordon. Sijautupa, na sitautupa. Lakini na hili lipo. Siwezi kuchukua moja nikaliacha jingine."

"Ningesema sikumbuki, ingekwisha."

"Hukusema hukumbuki. Ulisema halikuwapo, ukamwacha yule mama aitwe mwongo nchi nzima." Alifuta povu kwenye wembe. "Yeye ndiye wa kuambiwa kitu. Si mimi."

Gordon alifumba macho. Gari la kukwangua theluji lilipita nje, likafika mwisho wa barabara, likageuka. "Malizia," alisema.

Alimaliza, kwa uangalifu uleule aliokuwa nao siku zote, akamkanda uso kwa taulo la moto. Mlangoni Gordon alivaa kofia, akatoka. Kama alimwandikia Allison Burke au hakumwandikia, Verna hakupata kujua, na hakumwuliza Joyce.

Joyce alianza kumsalimu tena karibu na Pasaka, kwanza kwa kichwa, baadaye kwa mdomo. Baadhi ya wanaume hawakurudi, na Verna hakuwafuata. Badala yao walianza kuja wasichana wa sekondari waliotaka nywele fupi, wakileta kelele na muziki wao, na Dominic akalazimika kugombania kiti cha kusubiria. Ray naye aliwasimulia wateja wapya jinsi yeye, Ray Lahti, alivyombana seneta mpaka akajibu. Verna alimsikia akiongeza chumvi kila wiki, akamwachia. Kazi ilikuwa nyingi, na mlango ulikuwa unafunguka tena.