Ubishi wa Sehemu ya Saba

Ardith Kuhlman alianza kwa kumchukia mumewe, na chanzo cha chuki ile kilikuwa roketi ya bati iliyoning'inizwa kwa uzi.

Ilikuwa mwaka 1940, mjini Marlow, Ohio. Kila Jumamosi asubuhi watoto walijazana kwenye ukumbi wa sinema kuangalia sehemu moja ya filamu ya mfululizo, dakika ishirini tu, na kila sehemu ilikatika pale pale shujaa anapokaribia kufa. Sehemu ya saba ilimwacha Kapteni Ramsey ndani ya roketi inayokwenda kugonga mlima. Ardith, mwenye umri wa miaka kumi, alimwona kwa macho yake dirishani, mdomo wazi, mpaka moshi ukafunika kila kitu. Wiki nzima chakula hakikumshuka. Jumamosi iliyofuata, hao, wakamwonyesha Ramsey akiruka na parachuti kabla roketi haijafika mlimani!

Ardith alipanda juu ya kiti. "Waongo! Hakuruka! Nilimwona ndani!"

"Aliruka," akasema mvulana wa kiti cha nyuma, mdomo umejaa bisi. "Kaa chini, huoni unatuziba?"

Mvulana huyo alikuwa Delmar. Ardith alimmwagia bisi zake zote kichwani, na miaka kumi na miwili baadaye akaolewa naye.

Ubishi haukwisha, maana haukuwa na njia ya kwisha. Sehemu ya saba ilirudishwa kwa wenye filamu ndipo ya nane ikaja, hakuna aliyewahi kuziona pamoja, na baadaye zote zikapotea. Walibishana wakibadilisha nepi, walibishana wakipaka nyumba rangi. Kwenye harusi ya binti yao mchungaji aliwaomba wanyamaze angalau mpaka keki ikatwe. Mgeni angedhani ndoa inavunjika kesho. Wapi! Ile ilikuwa chumvi ya nyumba yao.

Kwa miaka thelathini na mmoja Ardith alifanya kazi maktaba ya wilaya, akikagua mikanda ya filamu iliyorudishwa na mashule. Aliupitisha mkanda kati ya vidole viwili, ndani ya glavu ya pamba, akaugundua mchaniko kabla jicho halijauona. Palipokatika aliunga kwa utepe. Palipokuwa pazima hakupagusa, na aliyepagusa alimsema mpaka akatamani ardhi ipasuke.

Alipostaafu, chama cha wapenzi wa filamu za zamani kikamdaka. Walikuwa watu arubaini hivi, wengi wenye mvi, wakikutana Jumamosi moja kila mwezi kuangalia sehemu moja, na sheria yao ilikuwa kali: marufuku kutangulia kuona sehemu inayofuata. Walicheka uzi wa roketi ulipoonekana. Walicheka mjusi wa kawaida aliyeitwa jitu la sayari ya mbali. Lakini shujaa alipofungiwa kwenye chumba kinachojaa maji, wazee wazima, wastaafu wa reli na wa posta, walishika mikono ya viti na kusahau kutafuna. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Waongo waliotengeneza filamu hizi wametembea karibu miaka sitini, na mimi sioni dalili ya wao kuchoka.

Majira ya kuchipua ya mwaka 1998, kiharusi kilimpiga Delmar. Mkono ulipona, mguu ukarudi kwa msaada wa fimbo, na daktari akasema ulimi hauna tatizo. Ila Delmar alikosa hamu ya kuutumia. Alikaa dirishani tangu asubuhi hadi jioni.

"Nikupe supu?"

"Mm."

"Binti yako amepiga simu."

"Mm."

Ardith alilia jikoni, akanawa uso, akarudi. "Hakuruka," akasema.

Delmar aligeuka. "Aliruka! Kichwa kigumu kama nini! Tangu utotoni huoni!" Zikafuata sentensi nne nzima. Tangu siku hiyo Ardith alimpa ubishi kama dozi, asubuhi, mchana na jioni.

Mwezi Oktoba Woody Tibbets, mwenyekiti wa chama, alikuja mbio na maboksi ya bati yenye mikanda ya Kapteni Ramsey, aliyoyakuta ghalani kwa mkulima mmoja wa Indiana.

"Ardith! Zote kumi na mbili! Jumamosi tunavunja sheria, tunaonyesha ya saba na ya nane pamoja. Kesi yenu inahukumiwa mbele ya watu!"

Alhamisi Ardith alikaa kwenye meza ya jikoni kukagua sehemu ya saba. Ramsey yumo. Picha arubaini na moja, dirishani, mdomo wazi, na mlima huo unakuja. Ardith aliruka akacheza jikoni, ndala miguuni. Kisha akasikia ukimya wa chumba cha pili, akasimama katikati ya sakafu. Akishindwa Jumamosi, Delmar atabisha nini tena?

Akarudi mezani. Halafu akachukua kikatio, akazitoa zile picha arubaini na moja, akaunga mkanda, akazitia kwenye bahasha azirudishe Jumatatu. Haikufika sekunde mbili za filamu, lakini alijiona mwizi kabisa.

Jumamosi ukumbi ulifurika. Waliosema aliruka walikaa kushoto, waliosema hakuruka walikaa kulia, na donati zilipita katikati. Roketi ikayumba, mlima ukaja, moshi. Dirisha halikuonekana.

Delmar alisimama bila fimbo. "Hayumo! Mmeona? Mwanamke huyu amenisumbua miaka hamsini na minane!"

Upande wa kushoto ukalipuka kwa makofi. Ardith, ambaye alikuwa ameapa kunyamaza, akajikuta amesimama. "Yumo! Mkanda umekatwa!"

Delmar akamgeukia taratibu, anacheka. "Umekatwa na nani, bibie? Si wewe uliyeukagua?"

Vicheko vilipasua paa. Woody alijipiga mapaja. Ardith akaketi, haki yake yote imo ndani ya bahasha nyumbani.

Ndani ya gari Delmar hakunyamaza. Alieleza parachuti ilivyofungwa, akaeleza upepo, akaeleza jinsi wanawake wa ukoo wa Ardith walivyo wabishi tangu walipotoka Ujerumani, akaapa kwamba hata sehemu ya tisa Ardith alikosea. "Na usinikatize," akasema, ingawa hakuna aliyemkatiza.

Walifika njia panda ya nyumbani. Ardith hakukata kona. Alinyoosha moja kwa moja kuelekea nje ya mji, polepole, ili amsikilize zaidi.