Maua Aliyoyapenda Bibi

Harufu ya maua ya maboga yakichemka na karanga zilizotwangwa hunirudisha mpaka leo jikoni kwa bibi yangu, Iramba, enzi za Mwingereza. Bibi alikuwa mlafi wa mboga ile, nasema hivi kwa mapenzi yote. Mwaka huo baba mdogo alirudi kutoka kazi ya barabara ya serikali akiwa na mke, binti wa mrina asali wa Rungwa. Masikini mama mdogo, alitaka tu kupendwa. Bibi akamwagiza achume maua yote yasiyo na kitoto cha boga nyuma yake, maana hayo, alisema, hayana kazi. Kila asubuhi mama mdogo alichuma, hakuacha hata moja, nasi tukala tukilamba vidole.

Basi vitoto vya boga vikaanza kugeuka njano na kuoza vingali kama kidole gumba. Shamba zima, jamani! Na maboga ndiyo yaliyotuvusha hadi uwele ukomae. Wanawake waliopita kwenda kisimani wakanong'ona kwamba mkono wa yule mgeni ni mbaya. Bibi naye akamwambia babu kuwa mtoto wa watu arudishwe kwao mapema. Nililia sana, kwa sababu nilimpenda. Alinisuka nywele bila kunivuta.

Mama mdogo hakujitetea, kwani mkwe habishani na mama mkwe. Asubuhi moja alipiga magoti mlangoni. "Shikamoo, mama. Naomba twende ukawaone nyuki." Bibi akaguna, lakini akaenda, nami nikawafuata. Shambani kwetu nyuki aliingia kwenye ua lenye kitoto, akatoka vilevile, hana kitu. Kisha tukavuka kilima hadi shamba la jirani. Kule nyuki walitoka kwenye maua yasiyo na vitoto wamejaa unga wa njano miguuni, wakaingia nao kwenye yale yenye vitoto.

"Kwetu hawana cha kubeba, mama," alisema, macho chini. "Unga wote tumeula."

Bibi akakaa chini palepale. "Haa! Kumbe mbaya ni tumbo langu!" Siku hiyohiyo alisimama njiani, wanawake wakipita na mitungi, akapaza sauti: "Mkono wa mkwe wangu ni mzima! Mimi ndiye niliyekula waume wa maboga!" Wakacheka hadi maji yakamwagika, naye akacheka pamoja nao. Maua yakaachwa, vitoto vikashika, na mama mdogo akazeekea kwetu.

Siku hizi tunalima alizeti, tunapuliza dawa asubuhi maua yakiwa wazi, na nyuki wamekuwa wa kutafuta. Vichwa vikitoka na mapepe matupu tunalaumu mbegu, tunalaumu mvua, tunailaumu serikali. Sijamsikia hata mmoja wetu akisimama mbele ya majirani na kusema kwa sauti: ni mimi.